Mama Maximilla Nambozo na Ukurasa wa Herufi P

Tarehe 30 Juni 1989, Mama Maximilla Nambozo atafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na saba ya kusoma kila kilichochapwa na Wino Printers ya Jinja kabla mtu mwingine hajakisoma. Amesoma kalenda, tiketi za mabasi, katekisimu, lebo za sabuni, na kadi za harusi za watu ambao wengine wao wameshaachana. Kazi ya kuandika wasifu wake nimepewa mimi, Sulait Kiirya wa idara ya usafiri, kwa sababu siku ya kugawana kazi za jarida hili nilikuwa chini ya gari.

Mama Maximilla ni mzaliwa wa Busiu, kwenye barabara ya Mbale kwenda Tororo. Alifundisha darasa la tatu huko kwa miaka kadhaa. Mwaka 1962 alipanda basi kuja Jinja kulalamika kuhusu kitabu cha hesabu tulichokichapa, ambamo tatu mara nne ilikuwa kumi na nne. Aliambiwa akae kwenye kiti asubiri meneja. Kiti hicho ndicho anachokiacha leo.

Kazi yake ya usahihishaji wa prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapa, aliifanya kwa rula, kalamu nyekundu na chai. Chai ilikuwa na sukari mpaka sukari ilipopotea madukani, katika miaka ambayo sote tunaikumbuka. Ilipopatikana tena, hakuirudia. Alisema hawezi kuzoea kitu kimoja mara mbili.

Mwaka 1972 Wahindi wenye kiwanda waliamriwa kuondoka nchini, wakaondoka na masanduku machache, na kiwanda akapewa Kapteni Enos Okiria wa jeshi. Kapteni alikuwa mtu mrefu kutoka Teso, mpole, aliyejua mizinga. Siku ya kwanza alizunguka mashine zote mikono ikiwa nyuma, kisha akamwuliza Mama Maximilla ni ipi kati ya hizo hutoa karatasi. Alimwonyesha. Hakucheka, wala hakumsimulia mtu, isipokuwa mimi.

Mwaka uliofuata ilitangazwa kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa. Askari wengi walikijua tayari. Karatasi za serikali hazikukijua. Habari za uhamisho, likizo na matibabu ziliendelea kuja kwa Kiingereza, na askari walizishika kama mtu anavyoshika mtoto wa jirani, kwa uangalifu na bila kujua anataka nini. Kapteni akapata wazo la kitabu kidogo: kushoto neno la Kiingereza la kila siku, kulia maelezo yake kwa Kiswahili chepesi. Jalada lilikuwa la kijani kwa sababu ndiyo karatasi iliyobaki stoo, na kitabu chenyewe sote tulikiita Kijani.

Maelezo yaliandikwa na Mama Maximilla. Lugha yake ya nyumbani ni Lumasaba, na Kiswahili alikiokota kwa madereva wa Kenya waliokuwa wakisimama Busiu kula. Kwa hiyo kila jioni alipitia maneno yake pamoja na mpangaji herufi wetu, Bwana Benedicto Barasa, mtu wa Bungoma, aliyesema Kiswahili kwa raha na kuimba kwaya ya Kikatoliki kwa sauti ya pili. Sheria ya Mama Maximilla ilikuwa moja: maelezo yasiwe magumu kuliko neno. "Guest" alilieleza hivi: mtu aliyekuja na ambaye ataondoka. "Neighbour": mtu anayejua leo umepika nini. Kuhusu "enough" waligombana juma zima. Mama Maximilla aliandika: kiasi ambacho ukiongezewa, utakataa. Barasa alisema hajawahi kumwona mtu wa namna hiyo, na kwamba kitabu cha kufundisha kisiwe na hadithi za kubuni. Maelezo yalibaki.

Kabla ya kuchapwa, alikuja bwana mmoja kutoka ofisi iliyokuwa ikisoma vitabu kabla ya watu. Alifungua katikati, akakunja uso.

"Kwa nini 'dog' imetangulia 'general'?"

"Ni mpangilio wa a, be, che, bwana," Mama Maximilla akajibu.

"Nani aliupanga?"

"Tuliukuta."

Yule bwana akaandika jambo hilo mahali, akapiga mhuri. Kijani kikatoka mwaka 1974, kikaisha upesi. Madereva walikinunua, askari jela walikinunua, na mapadri walikinunua kwa siri. Mapema mwaka 1976 jeshi likaagiza chapa mpya kwa ajili ya kambi moja nje kidogo ya Mbale, ambako kungekuwa na sherehe ya kugawa vitabu, bendi na picha.

Hapa naomba msomaji avumilie maelezo ya ufundi. Kwa kuwa maneno ya Kiingereza yalikuwa ya herufi nene na maelezo yalikuwa ya herufi nyembamba, Barasa alipanga safu mbili mbali mbali, kisha akazibana pamoja ndani ya fremu ya chuma. Prufu ya ukurasa wa P ilikuwa safi. Mama Maximilla aliisoma, akaisaini. Ila fremu ilipobebwa kutoka mezani kwenda kwenye mashine, mstari mmoja wa safu ya kulia ulidondoka, yale maelezo ya "prefer". Yaliyokuwa chini yake yakapanda ngazi moja, kama watu kwenye foleni mmoja anapoitwa. Barasa akaona nafasi tupu chini, akaijaza kipande cha madini ya risasi kisicho na herufi, akabana, akaendelea.

Barasa hakuwa mtu wa kukosea hivyo. Lakini mwezi ule redio ilikuwa imeanza kueleza kwamba sehemu kubwa ya Kenya ni yetu, na Wakenya wa Jinja, ambao hawakuombwa maoni, walikuwa wakitembea karibu na kuta. Barasa alipanga chumba Masese. Siku moja kabla ya kubeba ile fremu, jirani yake, mfanyabiashara wa samaki kutoka Kisumu, alichukuliwa pale mwaloni, ufukweni pa kuuzia samaki, mbele ya watu waliokuwa wakinunua ngege. Wateja walirudisha samaki kwenye beseni, wakaenda zao. Barasa alikuja kazini kama kawaida. Mikono yake ndiyo iliyochelewa kufika.

Vitabu vikachapwa, vikashonwa, nami nikavipeleka Mbale kwenye duka letu la vitabu, lililokuwa chini ya Bibi Proscovia.

Kesho yake asubuhi Mama Maximilla alikuwa na nakala moja mezani. Ilikuwa desturi yake kusoma kitabu kilichokwisha kuchapwa, kuanzia nyuma, kwa starehe. Alipofika P aliacha kunywa chai. Kisha akaimaliza chai yote, akainuka, akaenda ofisini kwa Kapteni. Mimi nilikuwa humo nikiomba matairi.

Aliweka kitabu wazi mbele yake. Upande wa kushoto palikuwa na "present", na maelezo yake: mkubwa wa nchi. Chini yake palikuwa na "president", na maelezo yake: kujifanya kuwa mtu ambaye si wewe. "Pretend" ilikuwa: mzuri wa sura. "Price" ilikuwa: jengo ambamo watu hufungiwa. "Prison" haikuwa na maelezo yoyote.

Kapteni alisoma kwa kidole. Akavua kofia, akaiweka juu ya kitabu kana kwamba kingepata baridi.

"Vingine viko wapi?"

"Mbale," nikasema.

"Nani alipanga ukurasa huu?"

"Prufu niliisaini mimi," akasema Mama Maximilla.

"Sikuuliza nani alisaini."

"Ndilo jibu nililo nalo, Afande."

Kapteni alijua nani alipanga. Tulikuwa na mpangaji herufi mmoja tu, na alikuwa Mkenya. Katika mwezi ule, mtu aliyempeleka Mkenya wa namna hiyo kwa wakubwa angeshukuriwa, pengine kupandishwa cheo. Kapteni alitazama dirishani kwa muda ambao nilitamani kuwa gerejini. Kisha akamwita Barasa.

Barasa alipouona ukurasa alishika ukingo wa meza.

"Afande, niache nikamwage mke wangu kwanza."

"Mke wako yuko wapi?"

"Bungoma."

"Basi nenda ukamwage hukohuko," akasema Kapteni. "Wewe ni mgonjwa. Nimekupa likizo ya ugonjwa. Kuna malori ya watu wenu pale nje ya mji yanarudi Malaba. Usipitie Masese. Usichukue hata shati."

Barasa akamgeukia Mama Maximilla. Yeye alikuwa tayari amefunga kitambaa kichwani kwa safari.

"Vitabu havijagawanywa," akamwambia. "Tutavirudisha, hakuna atakayejua. Nenda, Benedicto. Na ukifika, kula."

Tuliondoka kwa pikapu ya Peugeot, Kapteni katikati, magoti yakiwa karibu na kidevu. Vizuizi vya askari vilituachia kwa sababu ya sare yake. Baada ya Tororo alianza kusema, bila kuulizwa.

"Mimi nilipewa kiwanda hiki kama mtu anayepewa ng'ombe wa wenyewe. Sijui kukamua. Kitu cha maana nilichofanya humo ni hicho kitabu."

"Ni kitabu kizuri," akasema Mama Maximilla. "Kina ukurasa mmoja mbaya."

Tulipofika Busiu, Mama Maximilla aliniomba nisimame. Mama yake alikuwa akiuza ndizi mbivu kando ya barabara. Alinunua kichane, akamwamkia kwa Lumasaba, akamkumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mama yake akamwuliza mbona ana haraka. Akajibu kwamba ni mambo ya kazi, akapanda gari. Ndizi alitugawia, yeye hakula.

Dukani Mbale vitabu vilikuwa vimepangwa vizuri mpaka dari. Proscovia alitupokea kwa furaha iliyodumu mpaka alipouona uso wa Kapteni.

"Viko vyote?"

"Vyote, Afande. Ila kimoja. Meja Drani alikuja mwenyewe akakichukua. Nilimwambia asubiri sherehe. Akasema, 'Mimi ndiyo sherehe.'"

Meja Apollo Drani ndiye aliyekuwa mkubwa wa ile kambi. Tulifunga mlango, tukaanza kukata ukurasa wa P katika kila kitabu kwa wembe: Kapteni wa jeshi, msimamizi wa duka, dereva, na msahihishaji. Kapteni alikunja mikono ya sare na kukata vizuri kuliko sote. Karatasi tulizichoma kwenye sigiri ya Proscovia, na kwa kuwa moto ulikuwa mwingi, akabandika maharagwe. Yaliiva.

Kilibaki kitabu kimoja.

"Nitakwenda mimi," akasema Kapteni.

"Ofisa akimwomba ofisa arudishe kitabu, litakuwa jambo la jeshi," Mama Maximilla akamjibu. "Mimi ni mwalimu tu. Mwalimu huomba vitabu kila siku."

Nilimpeleka. Niliachwa barazani, kwenye benchi chini ya dirisha la vioo vya kupangana, kwa hiyo yanayofuata niliyasikia kwa masikio yangu.

Meja alimkaribisha kwa furaha. Alikuwa na kile kitabu mezani, kimeanza kulegea mgongo.

"Mama, hii kitabu yako iko mzuri sana! Mimi nasoma kila asubuhi. Nimefika D. 'Daughter': mtoto wako ambaye siku moja ataitwa mama. Mimi nilisoma hii, nikafikiri mtoto yangu ya Arua."

"Nashukuru, Afande. Nimekuja kukubadilishia. Hicho kina kasoro."

"Hapana. Hii ni yangu. Nimeandika ndani jina ya mtoto." Kitabu kikavutwa mezani. "Kasoro gani?"

Mama Maximilla angeweza kusema wino umefifia. Angeweza kusema gundi. Aliniambia baadaye kwamba aliyatafuta maneno hayo, akayaona yote, na kwamba alihofia zaidi siku ambayo yule mtu, katika kusoma kwake kwa bidii, angeufikia ukurasa huo peke yake, pengine mbele ya wenzake.

"Ukurasa wa P," akasema.

Nilisikia karatasi zikifunuliwa. Nilisikia mtu akisoma kwa kunong'ona. Kisha sikusikia kitu. Karani wa Meja, aliyekuwa akipiga taipu chumba cha pili, naye akaacha kupiga.

"Nani alifanya hii?"

"Mimi."

"Wewe mwalimu. Mwalimu hapana kosa namna hii."

"Mwalimu hukosea, Afande. Ndiyo maana kuna raba."

"Mama, sikiliza. Kama iko mtu mwingine, sema jina yake. Wewe utarudi nyumbani sasa hivi. Mimi napenda kitabu yako."

"Hakuna mwingine. Niliandika mimi, nikasoma mimi, nikasaini mimi."

"Nyinyi mko na Mkenya kule Jinja. Mimi nasikia."

"Yuko likizo. Ni mgonjwa."

Nilisikia ukurasa ukichanwa taratibu, kama mtu asiyetaka kuharibu kurasa nyingine. Nilisikia kiberiti. Harufu ya karatasi ilinifikia dirishani. Kisha Meja akasema kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza alisikika kama mtu aliyechoka, "Karani yangu nasikia yote. Wewe naelewa?"

"Naelewa, Afande."

Basi akapaza sauti, akaita askari wawili.

Alitolewa akanipita pale barazani. Alinipa mkoba wake, na ndani mlikuwa na ndizi zilizobaki. "Rudi Jinja," akaniambia. "Na uendeshe polepole, ile breki ya nyuma inalia." Nilirudi. Breki ilikuwa inalia kweli.

Siku za kwanza alikaa kambini. Kuhusu siku hizo hajasema lolote, nami sina la kuongeza. Alipohamishiwa jela ya wanawake hakuwa na meno mawili ya mbele, na mkono wake wa kushoto haukunyooka tena vizuri, ndiyo maana kikombe chake hukaa upande wa kulia wa meza. Yaliyofuata nilisimuliwa na Bibi Margret, aliyekuwa askari jela humo. Alisema mfungwa huyo mpya alikuwa akizungumza na ukuta, na alipomkaribia akasikia anaufundisha. Alikuwa akitafuta upya maelezo ya "prefer" yaliyodondoka. Baada ya muda Margret akawa anakuja na maneno yake mwenyewe kila zamu, na wafungwa wakawa wanabishana kuhusu maana. Jela ilitulia. Mkubwa wa jela alidhani ni kwa sababu ya ukali wake.

Kapteni Okiria alikuja kila Jumamosi na sabuni na karanga. Kila mara aliwaambia walinzi kwamba kiwanda hakiwezi kuchapa bila mfanyakazi huyo, jambo ambalo lilikuwa kweli. Kalenda tuliyoitoa wakati huo ilikuwa na Alhamisi mbili katika juma moja la Machi. Aliambiwa jalada la kesi halipatikani. Akauliza kesi yenyewe ni ipi. Akaambiwa hiyo ndiyo iliyomo kwenye jalada.

Meja Drani akahamishwa. Ofisa mgeni alipofika jela kukagua, alisimama mbele ya Mama Maximilla.

"Huyu mama alifanya nini?"

"Alikosa spelingi, Afande," akajibu Margret.

"Spelingi ya nini?"

"Mimi sikusoma, Afande."

Ofisa akamtazama yule mama, akatazama viatu vyake mwenyewe. "Spelingi tu? Basi hata mimi ningekuwa ndani. Toa yeye."

Alirudi Jinja kwa basi, siku ya Jumatatu, na Jumanne alikuwa kwenye kiti chake. Aliomba prufu zote za wakati ambao hakuwepo, akazisoma, akasahihisha na zile zilizokwisha kuuzwa. Swali lake la kwanza lilimhusu Barasa. Tulimwambia alifika salama, na kwamba alituma gunia la vitunguu kupitia dereva wa lori, bila salamu yoyote, kwa usalama wa vitunguu. Ndipo alipofunga mlango, akatuambia mimi na Kapteni, na baadaye Proscovia:

"Benedicto akirudi, msimwambie. Mtu anayepanga herufi huku anawaza shukrani atakosea tena."

Mwaka 1977 Kapteni Enos Okiria alichukuliwa langoni mwa kiwanda, asubuhi, wakati akishuka kwenye gari. Waliokuja walimwita kwa jina lake la ubatizo. Hatukuambiwa sababu, wala hatukumwona tena. Mama Maximilla alivaa gauni lake la kanisani na kwenda kumwulizia ofisi baada ya ofisi, Jinja, Kampala, na ile kambi ya Mbale, akiwa na meno yake pungufu, katika mwaka ambao watu wenye meno yote walikuwa wamenyamaza. Alijibiwa kila mahali kwamba hakuna mtu wa jina hilo. Mjane wa Kapteni, Bibi Mariat, Mama Maximilla alimkaribisha kwetu chumba cha kushona vitabu na kumfundisha kazi yeye mwenyewe. Leo Bibi Mariat ndiye mkuu wa chumba hicho, na ndiye atakayemkabidhi Mama Maximilla zawadi.

Barasa alirudi mwaka 1980, nchi ilipokuwa inajaribu kutulia. Alimkuta Mama Maximilla na pengo. Akamwuliza. Akajibiwa kwamba alianguka kwenye ngazi ya basi pale Tororo. Barasa aliilaumu kampuni ile ya mabasi kwa miaka tisa, na hata tenda yao ya tiketi alikuwa akiipanga kwa uso wa hasira. Pamoja walitoa chapa ya tatu ya Kijani, kisha ya nne. Kila prufu ya P waliisoma wote wawili, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyemweleza mwenzake kwa nini anachukua muda mrefu hivyo.

Mafanikio mengine ya Mama Maximilla ni haya: darasa la jioni la wafanyakazi, ambalo limewatoa wapakiaji wawili wakawa makarani, kampeni yake dhidi ya nukta tatu pale moja ingetosha, na uvumilivu wake kwa madereva. Anarudi Busiu kulima ndizi. Jirani zake wajiandae kusahihishiwa vibao vya maduka yao.

Nilipotaka kuandika habari ya Mbale, nilimwomba ruhusa. Alipuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa. "Andika," akasema. "Sasa nastaafu. Benedicto hataweza kunishukuru saa za kazi." Kisha akasahihisha koma tatu.

Aya hii na zinazofuata nimeziongeza mwisho, na msomaji ataona zimebanwa kidogo. Jarida letu, kama kila kitu tunachochapa, hupangwa na Bwana Barasa. Nilimpelekea kurasa hizi kama ninavyompelekea nyingine, nikarudi gereji. Kabla ya chakula cha mchana alikuja akiwa na karatasi mkononi, wino kwenye vidole, miwani imepanda kichwani.

"Sulait, hii ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na basi la Tororo?"

"Hakukuwa na basi."

Alikwenda kwenye chumba cha prufu. Mlango ulikuwa wazi. Alisimama mbele ya ile meza, mtu mzima wa wajukuu, akasema, "Mama." Mama Maximilla akavuta kiti kwa mkono wake wa kulia, akasema, "Kaa, Benedicto." Akakaa. Chai ilipoletwa walikuwa bado wamekaa, mkono wa kushoto wa Mama Maximilla ukiwa ndani ya mikono miwili ya Barasa yenye wino. Alasiri Barasa alirudi kwenye herufi zake, akamaliza kupanga wasifu huu wote. Nimeusoma mara mbili. Hauna kosa hata moja. Mama Maximilla, wafanyakazi wote wa Jinja na Mbale tunakushukuru. Nenda nyumbani kwa amani, ulale ukitaka, uamke ukitaka, na miaka yako iliyobaki iwe mirefu na yenye afya.